Mbuna wa Nyasa hakai bakulini!

Jamani, hii fasheni ya kufuga samaki sebuleni imewakolea vijana, na mimi sina ubishi nayo. Samaki wa rangi anapendeza kuliko maua ya plastiki. Ninachobishia ni lile bakuli la duara juu ya kabati la TV, samaki wawili ndani wanazunguka kama wamepotea njia.

Kijana mmoja wa Mbinga mjini kaniuliza bakuli lipi litawafaa samaki wa rangi kutoka Mbamba Bay. Hakuna, bwana!

Hao ni mbuna, jina lililotoka upande wa Malawi na leo linatumiwa na wafugaji hadi Ulaya na Marekani. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na mbuna ndio wenyeji wa miambani. Kila dume ana kijiwe chake, na hapa sisemi kijiwe cha kahawa, ni jiwe kweli. Anakwangua mwani wake hapo na kumfukuza anayeingia bila hodi. Ziwani mnyonge hukimbilia jiwe la pili. Bakulini akimbilie wapi? Atang'atwa mapezi mpaka yachanike, asubuhi unamkuta anaelea.

Tafuta tangi la kioo lililo refu kwa ubavu: sentimita 120 kwa 40, kimo 50. Hizo ni lita 240, yaani maji peke yake kilo 240, kwa hiyo ile meza ya kukunja isahau. Panga mawe kwanza, yakae imara chini kabisa, ndipo umwage mchanga. Mbuna wanachimba, na jiwe likiporomoka kioo kinakwenda nalo. Acha mapango mengi, hasa kwa ajili ya jike. Yeye hulea mayai mdomoni kama wiki tatu, na wakati huo hataki kabisa usumbufu wa dume. Kwa kila aina weka dume mmoja, majike watatu au wanne.

Sasa Mbinga mna la kwenu. Huyu samaki kazoea maji ya nyuzi 24 hadi 28, nyie mko juu milimani kwenye kahawa, Julai mnalala na mablanketi mawili. Hita ni lazima. Umeme ukikatika, blanketi moja mwachie yeye, funika tangi.

Maji ya bomba yakae kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke. Ya mvua matupu hapana, maana ya ziwani yana madini. Na chujio lifanye kazi wiki kadhaa kabla ya wageni kuingia.

Gharama? Si mchezo, sikufichi. Kama mfuko umetoboka, panda gari uteremke Mbamba Bay, haifiki hata kilomita 70. Vaa miwani ya kuogelea, ingia karibu na miamba, utawaona bure. Ila waulize wenyeji kwanza habari za mamba.

Tukutane wiki ijayo.