Bei ya Umeme Iachiwe EWURA

Ukitaka kumtafuta anayehusika na umeme wa nchi hii, utampata Dodoma. Wizara ya Nishati ipo hapa, TANESCO, REA na EWURA pia. Kwenye sheria kazi zao hazigongani: Wizara hutunga sera, TANESCO huzalisha na kuuza umeme, REA hugharimia kuufikisha vijijini, na EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006, hutoa leseni na kuidhinisha bei. Mpaka huo ni mzuri, lakini kwenye bei ulikwishavukwa mchana kweupe. Mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA ikaitisha taftishi, ikasikiliza watumiaji, ikaidhinisha asilimia 8.5 tu, ianze Januari 1, 2017. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, Waziri akaizuia, na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Wateja walishusha pumzi, na walikuwa na haki. Lakini gharama isiyolipwa kwenye luku haiyeyuki. Inabaki kuwa mzigo wa shirika, na shirika lililoishiwa huahirisha kubadilisha nguzo zilizooza na transfoma zilizozidiwa. Umeme ukikatika msimu wa alizeti, mwenye mashine ya kukamua mafuta Kibaigwa anawasha jenereta, na dizeli yake ni ghali kuliko uniti yoyote ambayo EWURA ingeidhinisha.

Watetezi wa amri ile husema waziri huwajibika kwa wananchi, ilhali wataalamu wa EWURA hawakupigiwa kura. Hoja hiyo ina uzito. Mama ntilie wa Majengo hana mwingine wa kumlilia bei inapopanda. Ila mlango haujafungwa: lipo Baraza la Ushauri la watumiaji, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Waziri naye ana njia halali ya kumpunguzia mnyonge mzigo, nayo ni ruzuku. Serikali ikiona asilimia 8.5 ni nyingi, ipeleke bungeni, hapa hapa Dodoma, kifungu cha bajeti kinachotaja kiasi ambacho TANESCO italipwa kufidia pengo, wabunge wakijadili kama walivyozoea kujadili barabara na maji. Na amri yoyote ya kuzuia bei itolewe kwa maandishi, yenye sababu, pamoja na jina la fungu litakalolipa.