Mbwa Akae Bomani

Mbwa ni mlinzi mwema wa boma, lakini akiingizwa katika msitu wa Kakamega kuwinda, huleta hasara. Mtu awindaye kwa jicho lake aweza kumwacha jike mwenye mimba, mbwa hawachagui. Humkimbiza funo hata nguvu zimwishe, wakamrarua angali hai, na mtoto wake aliyefichwa majanini hufa kwa njaa.

Wako wasemao kwamba nguruwe mwitu huharibu mahindi. Ni kweli, na mkulima ana haki ya kulalamika. Basi na apeleke habari kwa maofisa wa wanyamapori, kwani uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Kundi la mbwa halimtafuti mwizi wa shamba, bali humkamata yeyote limpataye. Tena mbwa akiumwa na mnyama mgonjwa, aweza kuleta nyumbani kichaa cha mbwa, maradhi yasiyoponyeka dalili zikiisha kuonekana.

Huko Marekani, wananchi wa Oregon walipiga kura mwaka 1994, wakakataza dubu wasiwindwe kwa mbwa. Huruma kama hiyo si ngeni Kakamega. Mbwa na achanjwe, abaki bomani, alinde kuku na watoto.