Jifunze Kihispania kwa Ngumi, Achana na Tufaha

Neno langu la kwanza la Kihispania lilinipata chini ya mbavu za kulia.

Ilikuwa Jumamosi, tuko jimu, nimepangwa na dada mmoja mfupi hivi. Nimemzidi kichwa kizima, kwa hivyo nikajiona. Akachuchumaa kidogo, akaingia ndani, akaniwekea mkono wa kushoto. Kwa kama sekunde moja hakukuwa na kitu. Nikaanza hata kutabasamu. Halafu miguu ikaaga. Niko magotini, akili iko sawa kabisa, naona kila mtu, nasikia kila kitu, lakini mwili umekataa kuamka. Kocha akainama kando yangu, anacheka, akasema, "Pole, msichana wangu. Hiyo ndiyo Wamexico wanaita hígado."

Ini. Sijawahi kulisahau hilo neno na sidhani nitalisahau.

Sasa hoja yangu ni hii: kama unataka kujifunza Kihispania, na najua mko wengi, achana na tufaha. Anza na ndondi.

Nasema tufaha kwa sababu karibu kila mtu yuko na ile programu ya lugha kwenye simu. Mimi pia nilikuwa nayo, zaidi ya siku mia moja bila kukosa. Nilijua kusema msichana anakula tufaha, mvulana anakunywa maziwa, kobe wa mjomba ni kijani. Shida ni kwamba sijawahi kuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kuhusu kobe. Siku niliyofungua pambano la Canelo Álvarez likitangazwa na Wamexico wenyewe, sikushika hata sentensi moja. Siku mia moja, maze. Ziliishia hewani.

Ndondi ni tofauti kwa sababu kila neno lina mahali pake mwilini. Puño ni ngumi, mkono uliokunjwa. Guardia ni mikono mbele ya uso, kwa hivyo ukisikia sube la guardia, inua haraka. Gancho ni ile ngumi ya kupinda kutoka kando. Mexico, hilo hilo gancho ndilo hanga ya nguo, na ukikunja mkono wako sasa hivi, kiwiko juu, utaona kwa nini. Volado ni ngumi kubwa inayozunguka kutoka juu. Lakini Wamexico wakitaka kurusha sarafu kuamua jambo, hiyo pia ni volado. Mimi naona inaingiana vizuri: unairusha, ikipata imepata, ikikosa umebaki wazi na Mungu wako. Zurdo ni mtu wa kushoto, na kama umewahi kupigana na mmoja, unajua ni neno la kujifunza mapema.

Sisi wa Kiswahili, kwa hili, tumepewa mwanzo mzuri. Vokali zao ni tano, kama zetu, na zinasomwa jinsi zinavyoandikwa. Campana, kengele, hata mtoto wa darasa la kwanza Kayole ataisoma bila kufundishwa. Ile ñ inayowatesa watu ni ny yetu ya nyanya, kwa hivyo puño ni "punyo". Hata mesa na bandera tayari unazo. Wareno walituachia meza na bendera kule Pwani karne zilizopita, na Kireno na Kihispania ni watoto wa nyumba moja. Mitego ipo, ndiyo. H haisomwi kabisa, kwa hivyo ini ni "ígado". J ni kama kh ya kukwaruza koo, isipokuwa kwenye jab, ambayo wanaisema "yab", usiniulize.

Mtego mwingine nilijiingiza mwenyewe. Nilikuwa nafuata pambano moja moja kwa moja na watu wa kule, raundi ya tisa, naona bingwa ameanza kuvuta miguu. Nikaandika komenti kwa kiburi kabisa: el campeón está casado. Nilitaka kusema amechoka. Amechoka ni cansado. Casado ni ameoa. Msee mmoja akajibu, "¡Felicidades!" Wakafuata wengine wakiuliza harusi ni lini. Nilifunga simu nikaenda kuosha vyombo. Lakini niulize leo tofauti ya hayo maneno mawili.

Na hapa Nairobi utacheka zaidi. Raundi huitwa asalto, hasa kule Hispania, na asalto pia ni uporaji. Majaji wakimpa ushindi mtu ambaye hakustahili, mashabiki wanapiga kelele robo, yaani wizi. Kwa hivyo pambano la asalto 12 likiisha kwa robo, kwa hesabu ya mtaa wetu umeibiwa mara 13.

Kitu kilichonikaa moyoni lakini ni uzani. Mnamjua Peso Pluma, yule mwimbaji wa Mexico ambaye nyimbo zake zimejaa kwenye simu zenu. Jina lake ni la ndondi: peso pluma ni uzani wa unyoya, hadi kilo 57 na kidogo. Chini yake kuna gallo, jogoo. Chini zaidi kuna mosca, inzi. Wao waliona maneno ya Kiingereza wakayatafsiri moja kwa moja, inzi akabaki inzi, jogoo akabaki jogoo. Sisi tunaandika "uzani wa bantam" na nusu ya wanaosoma hawajui bantam ni kuku. Hebu fikiria mtangazaji wetu akisema "bingwa wa uzani wa jogoo". Mimi ningenunua tiketi.

Na si ati haya ni mambo ya mbali. Oktoba 1968, kijana wetu Philip Waruinge alipanda ulingoni Mexico City, kwenye Olimpiki, uzani huo huo wa unyoya. Alipoteza nusu fainali kwa Antonio Roldán, Mmexico, mbele ya watu wake. Akarudi na shaba. Lakini tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano, alipewa yeye, Mkenya. Conjestina Achieng naye tulimwita Hands of Stone. Hilo jina lina mwenyewe Panama, Roberto Durán, na kwa lugha yake ni Manos de Piedra, mikono ya mawe. Ndiye huyo huyo anayekumbukwa kwa maneno mawili, no más, basi, yaliyosemekana kumtoka Novemba 1980 alipoacha kupigana na Sugar Ray Leonard katikati ya pambano. Mwenyewe amekana kuyasema. Ona vile maneno mawili yanaweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Halafu kuna Fatuma Zarika. Mwaka 2016 alichukua mkanda wa WBC Marekani, uzani wa supergallo. 2018 akamshinda Mmexico Yamileth Mercado hapa Nairobi. 2019 wakarudiana Chihuahua, nyumbani kwa Mercado, na mkanda ukabaki huko. Na hiyo WBC yenyewe ina makao yake Mexico City. Ukiona herufi CMB kwenye ukuta au kwenye mkanda, si shirika lingine, ni Consejo Mundial de Boxeo, WBC kwa jina lake la kwao.

Kwa hivyo mtu akiniuliza, kama mathe anavyoniuliza kila wiki, "Hicho Kihispania utakula?", mimi huwa nafikiria msichana wa jimu yetu. Siku moja atapata pambano kule. Atakuwa kona yake, na kwa ile kona nyingine mtu atakuwa anapiga kelele abajo, abajo, al hígado. Chini, chini, kwenye ini. Nimeshakwambia hiyo ngumi inafanya nini. Kama anaelewa, kiwiko kinashuka kabla ngumi haijatoka. Kama haelewi, ni kelele tu za watu. Majaji wakisoma decisión dividida, atajua wamegawanyika kabla mkalimani hajafungua mdomo. Ni nusu sekunde hapa na nusu sekunde pale, lakini huo mchezo wote ni nusu sekunde.

Kuna watu wataniambia ndondi ni msamiati mwembamba, ati huwezi kwenda dukani na gancho na campana. Ni kweli, wiki ya kwanza huwezi. Lakini si maneno matupu unayobeba. Unabeba amri: inua, tembea, pumua, toka hapo. Unabeba viungo vya mwili, nambari, kushoto na kulia, juu na chini, nimechoka, inauma, niko sawa. Hayo ndiyo maneno ya hospitali, ya matatu, ya kupotea usiku kwenye mji usioujua. Niambie tufaha litakusaidia wapi hapo. Na mimi nimepata neno langu pia: boxeadora. Sihitaji kuongeza "wa kike" mwishoni kama watu wanavyofanya na bondia.

Kama unataka kujaribu, usianze na pambano lote, utachanganyikiwa. Watangazaji wanakimbia kama makanga wa matatu asubuhi. Tafuta pambano la bondia wa Mexico lenye sauti ya Kihispania, kisha ruka hadi kengele ya kumaliza raundi. Kuna dakika moja tu ya mapumziko. Kamera inaingia kwenye kona, kocha ameshika chupa ya maji, na anaongea na mtu aliyechoka ambaye hawezi kushika sentensi ndefu. Kwa hivyo anasema kidogo, na anarudia. Respira. ¿Cómo te sientes? Mete el jab. No te quedes parado. Pumua. Unajisikiaje? Weka yab. Usisimame tu hapo. Hakuna mwalimu atakuzungumzia polepole hivyo bila malipo.

Simama mbele ya simu, inua mikono, na ufanye kila anachosema. Raundi 12 zina mapumziko 11. Mimi nilianza na manne, jirani wa chini akagonga dari na ufagio.