Bro, Tuonyeshe Chini ya Karatasi! Farasi 262 za Crown Zimetoka Wapi?



Wiki hii mjini stori ni moja tu. Yule staa wetu wa magari (jina kapuni, mnamjua) kaposti Crown yake ikiwa juu ya daino huko Dar, na karatasi inasoma farasi 262. Gari lenyewe ni la sisi 2,500, lilitoka kiwandani na farasi 215. Komenti moto tupu. Kesho yake tangazo: leta gari, tunalipandisha nguvu kwa kompyuta, laki nne tu.

Hapo ndipo nikaacha kucheka. Binamu yangu wa Kibondo anaendesha Probox ya hesabu. Kakopa kikoba, kalipa. Wiki ya tatu sasa, mlima ni ule ule, gia namba mbili ile ile, na marejesho yanamsubiri.

Mimi si fundi, shule niliishia fomu foo. Lakini gereji nimeshinda sana, na video za daino nimeangalia mpaka bando likakata. Nilichojifunza ni hiki: daino haihesabu farasi kwa macho. Tairi zinazungusha rola, mashine inapima ile nguvu ya kuzungusha, mafundi wanaita toku, halafu inapiga hesabu. Toku zidisha RPM, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Basi.

Sasa kabla ya kupima, kuna mtu anakaa kwenye kompyuta na kuilisha taarifa: gia gani, joto la hewa, presha ya hewa, na nguvu kiasi gani inapotea kati ya injini na tairi. Ukiilisha uongo, inakurudishia uongo wenye mchoro mzuri.

Tuseme Crown imetoa farasi 180 kwenye tairi. Jamaa anasema njiani inapotea nyingi, anazidisha kwa 1.25, inakuwa 225. Halafu anajaza presha ya hewa ya Kasulu wakati gari liko Dar! Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Kompyuta ikiambiwa gari liko huku, inaongeza karibu asilimia 16 ili kufidia. 225 inageuka 261. Spana haijaguswa!

Simwiti mtu mwongo, naomba tuelewane. Labda kafanya kazi kweli. Ila karatasi aliyoposti imekatwa chini, na huko chini ndiko huwa wanaandika joto, presha na nyongeza iliyotumika. Kwa nini ikatwe pale pale? Bro, posti yote. Ukiwa safi nitakuomba radhi hapa hapa, kwa herufi kubwa.

Na wewe mwenye laki nne mkononi, usilipe kwa ajili ya skrinshoti. Dai karatasi mbili, kabla na baada, siku ile ile, daino ile ile, gia ile ile, namba za tairi bila nyongeza. Akikataa, rudi nyumbani na hela yako. Kigari cha sisi 1,500 kisicho na turbo hakina farasi waliojificha kwenye kompyuta. Badilisha plagi, safisha ea klina, angalia breki. Milima yetu inataka breki kuliko sifa.

Kuwa staa sio kosa. Kosa ni kiki yako kulipwa na hela ya kikoba ya mtu.

Haya, wewe ulishalipa? Gari lilibadilika au ulibadilika wewe? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.