TAHARIRI: LORI LISIMAME KABLA YA MAVUNO



Kila apitaye ghalani asubuhi ameliona lile doa jeusi chini ya gurudumu la mbele la lori letu. Wengine wanasema ni oili ya injini. Siyo. Ni oili ya boksi la stelingi. Kila siku dereva anaongeza, na kila siku inamwagika. Huko vibarazani tunasikia: "Acheni kwanza tubebe mpunga, tutatengeneza baadaye." Sisi hatukubaliani na maneno hayo.

Kwanza tuelewane kazi ya hilo boksi. Malori mengi ya zamani yalikuwa na sukani kavu, dereva alikata kona kwa nguvu za mikono yake. La kwetu lina pampu inayozungushwa na injini. Pampu inasukuma oili ndani ya boksi, na oili inamsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kwenye kona kali msukumo huo unazidi upepo wa tairi zaidi ya mara kumi. Kinachoizuia oili isitoke ni sili za mpira. Mpira ukikauka, au shafti ikiliwa na kutu na matope, oili inapata njia. Na matope yetu ya masika mnayajua wenyewe.

Oili ikiisha, usukani haukatiki, maana bado umeungwa kwa chuma. Lakini unakuwa mzito ghafla. Dereva mwenye shehena ya magunia, anayekwepa baiskeli njia ya kwenda Ifakara mjini, hana muda wa kupigana nao. Na juu ya magunia, ingawa tumekataza, bado wanapanda vijana na akina mama. Hao ndio tunaowasemea.

Tusidanganyike na dawa za haraka. Kuongeza oili siyo kutengeneza, ni kumwaga fedha ya ushirika chini. Kununua boksi kuukuu nako ni bahati nasibu, kwa sababu sili zake nazo ni kuukuu.

Tunashauri hivi. Fundi aoshe boksi lote kwanza, injini iwashwe, aone oili inatokea wapi. Huenda ni paipu tu, gharama ikawa ndogo. Ikiwa ni sili, mkono wa stelingi utiwe alama kabla ya kutolewa, na utolewe kwa pula, siyo kwa nyundo. Boksi lifunguliwe juu ya turubai safi, gololi zote zihesabiwe. Shafti ipimwe kwa ukucha: ukucha ukinasa, basi sili mpya itavuja tena, na shafti nayo ibadilishwe. Sili zibadilishwe zote kwa pamoja. Mwisho magurudumu ya mbele yainuliwe, oili mpya itiwe, usukani uzungushwe polepole huku na huku mpaka upepo utoke. Katibu na mjumbe mmoja wawepo, na spea zilizotolewa ziletwe ofisini tuzione.

Wapo wanaouliza: mpunga utalala shambani? Hapana. Siku hizo chache tukodi trekta, na mpunga ufunikwe vizuri. Ni usumbufu, hatukatai. Lakini lori likikwama katikati ya mavuno, trekta zote zitakuwa zimeshakodiwa, na hapo ndipo mpunga utalala kweli.

Na fedha? Tunapendekeza kila mwenye mpunga wa kubebwa achange kwa kadiri ya magunia yake. Wale ambao mashamba yao yamechukuliwa na maji wasidaiwe kitu, maana lori ni lao pia mwakani.

Njooni mkutanoni mseme, hata mnaotupinga. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu unaonekana pale ghalani kila asubuhi.

Kamati ya Gazeti la Ukutani,
Katindiuka