Ubunifu wa Mtoto na Ujenzi wa Kesho

Sisi walimu tumezoea kusema kwamba mtoto ni taifa la kesho. Usemi huo ni wa kweli, ila hautoshi. Kesho haichipui yenyewe kama magugu. Jembe, daraja, na hata katiba ya nchi, vyote vilikuwa picha akilini mwa watu kabla ya kuwa vitu vya kushikwa au kufuatwa. Uwezo wa kukiona kisichokuwapo bado ndio tunaouita ubunifu. Uwezo huo hukuzwa kwa mafunzo, na kwa mafunzo mabaya huweza kuuawa.

Shaaban Robert aliieleza hatari hiyo katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Katika nchi hiyo ya kubuni, wajumbe sita walitumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuwafaa wananchi. Kila mmoja alirudi na habari za maisha bora zaidi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Kusadikika haikukosa watu wa kuitakia mema. Ilikosa masikio ya kuwasikiliza.

Ndugu wanachuo, tujiulize: ni wajumbe wangapi tunaowafunga sisi darasani? Mtoto wa darasa la nne akiandika insha juu ya kisima, akabuni njia yake mwenyewe ya kupandisha maji, nasi tukamkata alama kwa kuwa hakufuata mfano wa ubaoni, tumemfunga mjumbe.

Wapo watakaosema kwamba darasa ni kubwa, muda ni mfupi, na mtihani hutaka jibu moja. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, ubunifu hauhitaji kipindi kipya. Huingia ndani ya somo lile lile. Kwa mfano, katika kufundisha mmomonyoko wa udongo, mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye mteremko ulio karibu na shule. Awaulize: mteremko huu utakuwaje baada ya miaka 20 usipopandwa kitu, na utakuwaje ukipandwa majani na miti? Wachore picha zote mbili. Kisha kila mmoja atetee mchoro wake: maji yatapita wapi, na mizizi itashika nini? Hapo ndipo ubunifu unapotengana na ndoto tupu, kwa kuwa unalazimika kusimama juu ya maarifa. Anayekosea asichekwe, bali aulizwe swali la pili.

Mtihani hupima yale yanayojulikana leo, na ni haki upime. Lakini watoto hawa wataishi na kufanya kazi katika miaka ambayo mtaala wetu hauwezi kuiona. Mwalimu anayewazuia kuiwazia miaka hiyo anawakabidhi kesho iliyobuniwa na wengine.