Mtu Hawi Haramu

Neno haramu lina mipaka yake katika Kiswahili, na wenye lugha wanaijua. Riba ni haramu. Nyamafu ni haramu. Mali ya yatima inayoliwa kwa dhuluma ni haramu. Ni hukumu inayoshuka juu ya kitu au kitendo. Likigeuzwa likabandikwa mtu huwa tusi, tena tusi zito, na mtoto aliyelitamka barazani hakuachwa bila kukanywa. Vipi basi neno hili limekuwa sifa ya kawaida ya binadamu? Taarifa za habari husema "wahamiaji haramu" wamekamatwa, na hakuna anayeshituka. Washairi nao, ambao kazi yao ni kuyachunga maneno, wamenyamaza.

Mahali pa kulipimia neno hili ni Kyela, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga na kakao, yenye mvua nyingi, bandari ya Itungi upande mmoja na kivuko cha Kasumulu juu ya Mto Songwe upande wa pili. Mashariki, Milima ya Livingstone inashuka hadi karibu na maji ya Matema. Pale Lyulilo vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kuuzwa sokoni, kama vilivyokuwa vikiletwa kabla Mzungu hajachora ramani. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofikia mita 700. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusi ambao wavuvi wengi wa ziwa hilo huuita mwera (si Mwera ya Unguja), na kwa kuwa hauna kisiwa kikubwa cha kuukata makali, mawimbi yake hujikusanya njiani hata kufika kaskazini yakiwa milima. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya, chombo cha chuma chenye injini na nahodha, ilipinduka katika ziwa hilo na watu 145 wakafa maji. Seuze mashua ya mbao iliyoshindiliwa watu usiku!

Juni 2012, ndani ya msimu huohuo wa mwera, mashua iliyojaa Waethiopia ilizama katika ziwa hilo, upande wa Karonga, jirani ya Kyela. Walikufa zaidi ya 40. Walikuwa safarini kuelekea Afrika Kusini. Mwezi huohuo wenzao zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na maiti zao zikatupwa Chitego, wilayani Kongwa. Hata mauti hayakuwavua lile jina: walizikwa wakiwa bado haramu.

Wala si wote wapitao njia hiyo ni vijana watafutao kazi. Ng'ambo ya Songwe, mbali kusini katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya Dzaleka iliyofunguliwa mwaka 1994, nayo imejaa familia za Kongo, Burundi na Rwanda: akina mama, vikongwe, watoto wa kunyonya. Wengi wao walipita Tanzania. Wenye karatasi huvuka darajani Kasumulu. Asiye na karatasi hubakiwa na mto, pori au ziwa.

Atainuka mtetezi aseme sheria ni sheria, na kuingia nchi ya watu bila kibali ni kosa. Na liwe kosa. Basi na asemwe aliyeingia bila kibali, maneno yapo, Kiswahili hakijafilisika. Mwizi wa mali ya umma haitwi raia haramu. Mwenye mashua aliyepokea nauli za watu 60 kwa chombo kisichofaa kubeba 20 haitwi tajiri haramu. Jina hili humkalia mnyonge peke yake. Na hata kwa sheria, Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Tanzania iliukubali mwaka 1964, unakataza kumwadhibu kwa kosa la kuingia bila kibali mkimbizi aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye hatari, mradi ajitokeze upesi kwa wenye mamlaka. Atajitokezaje, ilhali keshaitwa haramu kabla hajaulizwa atokako?

Mpaka wenyewe nao una kisa ambacho watu wa visiwani hawana haki ya kukisahau. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaleyale yaliyoitia Zanzibar chini ya himaya ya Mwingereza, ndiyo yaliyopitisha mstari ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Malawi huyasoma hivyo, Tanzania hushika kwamba mpaka ni katikati ya maji. Kwa usomaji wa Malawi, mvuvi wa Matema akilowesha mguu amekwisha kutoka nchini mwake. Hakuna amwitaye haramu, na ni vyema. Ila rehema hiyo imeishia kwake.

Habasha hiyo iliyozikiwa watoto wake kando ya ziwa ndiyo iliyowapokea muhajirina wa kwanza wa Kiislamu, waliovuka bahari kwa jahazi wakiikimbia dhuluma ya Makka. Miongoni mwao walikuwa Sayyidna Uthman na mkewe Bibi Ruqayya, bintiye Mtume (S.A.W.). Najashi aliambiwa awarudishe, akakataa. Kanyama Chiume, waziri wa Malawi aliyegombana na Banda mwaka 1964, alikimbilia Tanzania, na hapo akaandika kwa Kiswahili hadithi kama Dunia Ngumu. Nchi ilipata mgeni, Kiswahili kikapata mwandishi.

Kisha ipo Pemba. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walijipakia katika mashua na ngalawa, wake kwa waume na watoto wao, wakavuka mkondo hadi Shimoni, Kenya. Wengi hawakuwa na pasi wala mhuri. Baadhi yao walipelekwa baadaye Dadaab, jangwani, mbali na harufu ya bahari. Na atafutwe mtunzi wa kisiwani atakayethubutu kuwaita watu wale haramu.